Gorogoro ya Unga Si Kilo Mbili

Mimi huuza nafaka Kapsoit. Kabla yangu mama aliuza nafaka mahali pale pale, na nadhani juu ya gunia lile lile, maana gunia la zamani kwetu halitupwi, linageuzwa. Kwa hiyo kama kuna kitu najivunia kukijua katika dunia hii, ni kupima. Mambo mengine nimeyasikia tu kwa watu.

Kipimo chetu ni gorogoro. Huo ni mkebe wa bati wa mafuta ya kupikia, ule mkubwa wa kilo mbili. Mafuta yakiisha, mkebe unaoshwa kwa maji moto na majivu, unaanikwa, unaanza kazi yake ya pili ambayo ni ndefu kuliko ya kwanza. Mahindi yatapita humo, maharagwe, ndengu, wimbi, unga, hata dagaa wa omena. Na kwa sababu mkebe wenyewe umeandikwa kilo mbili, mtu wa kwetu akitaka kilo mbili hupewa gorogoro, na akibeba gorogoro anajua amebeba kilo mbili. Sijawahi kuona mtu akibishana na maandishi ya bati.

Ujanja upo. Kuna wanaogonga tako la mkebe kwa jiwe mpaka liingie ndani, ndiyo maana mnunuzi mwenye akili hupitisha kwanza vidole chini yake, kama daktari anayepapasa tumbo. Mimi mkebe wangu sijaugonga. Si utakatifu. Wanawake wa Kapsoit huujua mkebe uliogongwa kwa mlio wake, na ukishajulikana hapa itabidi uhamie Sigor, na huko nako utakuta wamepigiwa simu. Ninachofanya mimi ni kusawazisha. Nafaka inapanda juu ya mdomo wa mkebe, napitisha kijiti, inayobaki ni yako na iliyoanguka ni yangu. Haki kabisa.

Mama naye alisawazisha hivyo hivyo. Lakini akishasawazisha alitia mkono guniani, akachota, akamwongezea mteja juu ya kipimo.

"Hii ni ya safari," alikuwa akisema, hata kama mteja anaishi ng'ambo ya barabara.

Siku moja nilikaa nyuma yake nikahesabu mikono hiyo tangu soko lifunguke hadi mvua ya mchana ilipotufukuza. Halafu nikachota mikono mingine idadi ile ile, nikaimwaga kwenye mkebe nione inajaza mikebe mingapi. Nikamwambia, "Mama, leo umetoa bure gorogoro mbili na nusu."

"Wewe hesabu," akasema. "Mimi nauza."

Baba alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda cha chai mpaka mapafu yake yakakataa vumbi, akafa, na sisi tulikuwa tumeshakaa huku muda mrefu kiasi kwamba kurudi upande wa ziwa tulikotoka kungekuwa kuhama, si kurudi. Tukabaki wawili. Nyumba yetu ilipakana na shamba la mama mmoja Mkipsigis, mjane, mwenye majani ya chai nusu ekari na ng'ombe mmoja mwenye kiburi. Yeye na mama waliitana "jirani" kwa miaka yote, kila mmoja akisema Kiswahili kibovu kwa namna yake, na walielewana kuliko watu wengi ninaowajua wenye Kiswahili kizuri.

Halafu mama akapatwa na sukari.

Kliniki walitupa vidonge, na msichana wa lishe, mpole sana, akatupa karatasi. Karatasi ilisema mama ale ugali wa wimbi, ambao ndio aliupenda, lakini kwa kipimo: unga gramu sabini kwa mlo mmoja. Maharagwe makavu gramu arobaini. Mboga za majani kwa wingi. Mama aliishika karatasi ile kama noti anayoitilia shaka.

Tulipofika nje ya geti akauliza, "Gramu sabini ni kikombe ngapi?"

"Niachie mimi," nikasema.

Nyumbani hatukuwa na mizani. Nani ana mizani jikoni? Lakini nilikuwa na mkebe, na nilikuwa na kichwa. Niliweka meza nje palipo na mwanga, nikajaza gorogoro unga wa wimbi, nikasawazisha kwa kijiti. Kisha nikachukua kikombe cha mama cha bati, cheupe chenye mdomo wa bluu, nikaanza kuuhamisha unga, kikombe kwa kikombe, nikisawazisha kila kimoja kwa kisu. Vikombe tisa. Nikarudisha, nikahesabu tena. Tisa. Basi gorogoro ni kilo mbili, yaani gramu elfu mbili. Gawa kwa tisa, kikombe kimoja kinabeba mia mbili ishirini na mbili. Gramu sabini ni theluthi moja ya kikombe, kasoro kidogo. Nikafanya hesabu hiyo kwa simu, nikairudia kwa kalamu, kwa sababu simu siiamini. Zikalingana.

Nikachukua msumari, nikakwaruza alama ndani ya kikombe.

"Unaharibu kikombe changu," mama akasema.

"Nakitengeneza."

Sasa ngoja niseme kitu ambacho ulimwengu mzima wa wanawake wa kwetu wanakijua. Ukipeleka gorogoro ya wimbi kwenye mashine ya kusaga, huwezi kurudi na unga ndani ya mkebe ule ule. Unga unafura. Unajaza mkebe na mwingine unabaki, ndiyo maana mtu hubeba mfuko wa akiba. Nimebeba mfuko huo tangu nikiwa mtoto. Mikono yangu ilijua kwamba mkebe wa unga una nafaka kidogo kuliko mkebe wa nafaka. Lakini mikono haikuulizwa siku ile. Niliuliza bati, na bati likasema kilo mbili.

Ugali wa kwanza ulipofika mezani, mama aliutazama upande huu, akageuza sahani, akautazama upande ule.

"Huu ni wa kula ama wa kupiga picha?"

"Ndio ulioandikwa."

"Ongeza mkono mmoja."

"Mama, hapa si sokoni."

"Nani alikwambia?" akasema. "Wewe umesimama hapo na kisu, mimi nimekaa na njaa, tunabishana juu ya kipimo. Hapa ni soko."

Sikuongeza. Kila mlo alidai mkono mmoja, kila mlo nikakataa. Alijaribu njia zote nilizojifunza kwake. Alisema kisu changu kimepinda. Alisema unga wa safari hii umechekechwa sana, umejaa hewa, nao ulikuwa umejaa hewa. Alisema hata mfungwa hupimiwa na askari aliyeshiba. Nikamjibu kama muuzaji anavyomjibu mnunuzi: bei ni hiyo mama, hata mimi nimeipata hivyo. Tulicheka, mara nyingine. Nataka hilo liandikwe, kwamba tulicheka.

Baada ya wiki kama tatu aliacha kudai. Akawa anakula kilichowekwa, anashukuru, anasukuma sahani. Nikajua nimeshinda. Mimi, ambaye nimekaa sokoni tangu ujana wangu, ambaye najua kwamba mteja akinyamaza kuna mambo mawili tu, ama amekubali bei, ama amepata kwa mwingine.

Sukari ikashuka. Kila tulipokwenda kliniki namba ilikuwa chini kuliko ya mwezi uliopita, na mimi nilifurahi kama mtu aliyemaliza gunia kabla ya saa nne. Nguo zake zikaanza kumning'inia. Asubuhi nyingine nilimkuta anatetemeka mikono akishika kikombe cha chai, lakini hapa kwetu asubuhi kila mtu anatetemeka, ukungu unalala juu ya majani mpaka jua lijisikie kutoka. Nikamwongezea sweta.

Msichana wa lishe aliuliza, "Mama anakula vizuri?"

"Kama mlivyoandika," nikasema. "Napima mwenyewe."

Mama alikuwa anatazama kalenda ya ukutani. Miaka thelathini na kitu ya kuuza unga, mkono wake ukichota bila kukosea, na hakusema neno.

Alikufa wakati wa mvua ndefu, asubuhi, kwenye kiti chake nyuma ya nyumba, uso umeelekea ua wa jirani. Daktari alisema ni moyo. Tulimpeleka nyumbani, upande wa ziwa, kama desturi yetu ilivyo, tukamzika kwenye ardhi ambayo alikuwa akiisifu kila siku na hakutaka kamwe kwenda kulala humo. Wazee wa huko walinisifu. Walisema nimemtunza mama yangu kwa kipimo. Wote walikuwa wamesikia habari ya kikombe. Nilikubali sifa hiyo, nikala nyama ya matanga, nikarudi Kapsoit.

Miezi miwili baadaye alikuja sokoni msichana wa ofisi, mmoja wa wale wa viwandani wenye kitambulisho shingoni. Alitaka kilo mbili za unga wa wimbi kwa uji wa mtoto wake. Nikampimia gorogoro, nikasawazisha, akaenda. Siku ya soko iliyofuata akarudi na mfuko.

"Mama, hii si kilo mbili."

"Umepunguza ngapi?"

"Sijapika hata kijiko. Nimepima nyumbani. Ni kilo moja na robo."

"Basi mizani yako ina njaa," nikasema. Wanawake wa pembeni wakacheka, na kicheko cha sokoni ni kama mafuta ya taa, huwezi kukirudisha kwenye chupa. Msichana akasimama imara. Nilimpenda kwa hilo hata wakati ule.

"Twende kwa bucha," akasema. "Yeye hatujui sisi wote wawili."

Mwenye bucha ananijua sana, lakini nilinyamaza kwa sababu ilinifaa. Tukavuka barabara, na wateja watatu wakatufuata kwa ajili ya burudani. Nikabeba gorogoro yangu mwenyewe na unga wangu mwenyewe, ili asije akasema mfuko umetoboka. Mwenye bucha alipangusa mizani yake ya namba kwa kitambaa, akaweka mfuko mtupu, akairudisha sufuri. Nikajaza mkebe mbele ya macho yao, nikasawazisha, nikamwaga mfukoni.

Moja nukta mbili nne.

"Rudia," nikasema.

Akarudia. Moja nukta mbili nne.

"Mizani yako imelalia nyama."

"Mama," mwenye bucha akasema, "mizani haina ukoo na mtu. Lete mahindi."

Mmoja wa wale watazamaji alikuwa na mahindi. Tukajaza gorogoro ile ile, kwa mlima kama wapendavyo wanunuzi. Kilo mbili na gramu chache juu yake. Mkebe ule ule. Watu wakasema aaa, kama watu walioona kiinimacho. Msichana wa ofisi hakucheka wala hakunidhihaki. Alinieleza polepole, kama unavyomweleza mtu mzima uliyemwonea huruma, kwamba mkebe hupima nafasi, haupimi uzito, na unga una hewa katikati yake.

Najua, nilitaka kumwambia. Unga hufura. Nimebeba mfuko wa akiba tangu nikiwa mtoto.

Lakini nilikuwa nimeshaacha kumsikiliza. Nilikuwa nagawa kwa tisa.

Nilimpa unga wa kujaza zile kilo zake mbili, na juu yake nikamwongezea, na wanawake wa pembeni wakadhani nimeaibika. Kisha nikafunga magunia mapema, nikaenda nyumbani, nikachukua kikombe, nikarudi kwa mwenye bucha kabla hajafunga. Nilitia unga mpaka kwenye ule mkwaruzo wa msumari. Nikasawazisha kwa kidole.

"Hii ni nini tena?" akauliza.

"Pima tu."

Gramu arobaini na tatu. Akanisomea kwa sauti, kama anavyowasomea wateja wa nyama. Nikamwambia arudie, akarudia, ikawa arobaini na tatu. Yale maharagwe nayo tuliyapima, na hayo nilikuwa nimekaribia. Maharagwe ni mazito, yanafanana na maandishi ya bati. Unga ndio uliokuwa umenidanganya, au mimi ndiye niliyeudanganya. Kwa sabini nilizoambiwa, nilikuwa nimempa arobaini na tatu, mchana na jioni, kwa miezi minane, na vidonge vyake vyote vya kushusha sukari, bila kupunguza hata kimoja.

Katika maisha yangu yote ya soko sijawahi kumpunja mteja kiasi hicho. Hata wale ninaowachukia.

Sikuweza kukaa ndani ya nyumba. Nilipita kwenye mwanya wa ua, nikamkuta jirani akichagua majani, anatoa yale makubwa kabla ya kuyapeleka kwenye kituo cha kununulia. Tukasalimiana. Nikamwambia yote, kikombe, mkebe, bucha. Alisikiliza huku mikono ikiendelea. Yeye hapungukiwi na habari za mizani. Majani yake hupimwa kila siku ya kuchuma.

"Kapu ni lile lile," akasema, "lakini majani ya mvua na majani ya jua si kilo moja. Hiyo hata karani mtoto anajua."

"Ndiyo, mama."

Akatupa jani.

"Alikuwa anakuja hapa."

"Nani?"

"Jirani. Ukishaenda soko, anapita hapo ulipopita. Nampa uji wa wimbi, hauna sukari, nilijua ugonjwa wake. Nusu kikombe. Nikitaka kujaza anakataa. Anasema akishiba hapa atashindwa kumaliza chakula chako, na wewe utajua."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Alisema nisiseme."

"Lakini yeye mwenyewe. Kwa nini hakuniambia kipimo kimepungua? Alijua. Mkono wake ulijua."

"Alijua, ndiyo," jirani akasema. "Mimi pia nilimwuliza. Akasema, yule mtoto alikuwa hapati usingizi tangu niugue. Anatembea nyumbani kama kuku aliyepoteza yai. Sasa amepata hesabu yake, analala. Mwache alale, mimi nitakula kwako."

Halafu akasema, kana kwamba anamalizia hesabu ya mtu mwingine, "Lakini ile wiki ya mvua nyingi mto ulijaa, nikakwama Merigi kwa binti yangu siku nne. Niliporudi nilikuta mmemfunika."

Tulikaa tukachagua majani wote wawili mpaka kapu likaisha.

Sijamwuliza daktari. Mimi ambaye huuliza bei mara mbili hata ya kitu nisichokitaka, hilo sijauliza. Najua atasema ni moyo, haikuwa unga, na atalisema vizuri, na mimi nitatafuta tundu katika maneno yake kama ninavyotafuta tundu katika gunia. Afadhali asiseme. Msichana wa lishe naye nilikutana naye dukani, akanipa pole, akaniambia mama alikuwa mgonjwa wa mfano. Nikamshukuru.

Nimenunua mizani ndogo ya jikoni huko Kericho mjini. Kwa yule muuza duka nilipunguza maneno badala ya kuomba nipunguziwe bei, kwa sababu siku hiyo sikuwa na moyo wa kubishana, na nadhani alinishangaa. Iko mezani hapa. Nimepima karibu kila kitu ndani ya nyumba. Kikombe cha mchele, kikombe cha ndengu, kikombe cha majani ya chai ambayo hayana uzito wowote wa kusimulia. Nimeviandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani sokoni, ili mtu akitaka kilo apate kilo, na akitaka gorogoro apate gorogoro, ajue si kitu kimoja. Wanawake wa pembeni wanaiita Biblia yangu. Wanakuja kuisoma wakidhani siwaoni.

Kitu cha mwisho nilichopima ni mkono mmoja. Nilitia mkono kwenye unga wa wimbi, nikachota kama alivyokuwa akichota kwa wateja, nikamwaga juu ya mizani. Ishirini na nane. Nikarudia. Ishirini na sita. Nikachukua karatasi ya kliniki, nikaweka arobaini na tatu, nikaongeza ishirini na saba ya katikati, ikawa sabini. Nikaikunja karatasi.

Huo ndio aliokuwa akiuomba. Kila mlo, kwa wiki tatu. Ongeza mkono mmoja.

Sasa na mimi nachotea wateja, nikishasawazisha. Wanaulizana nimeokoka lini. Lakini mkono wangu ni mkubwa, na wa mama sikuwahi kuuweka juu ya mizani. Ulikuwa mdogo, ila hakuwa anakunja vidole sana, alikuwa anauacha unga ukae kilima kiganjani. Nakisia thelathini. Nimekisia mara mbili.